Kituo ambacho mlezi wa chini anasikika: mwongozo wa ulinzi wa mtoto kwa vituo vya Nyanda za Juu Kusini

Mama anayeuza viazi Soko la Mwanjelwa anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Mchuma chai wa Rungwe au Mufindi naye hawezi kushinda shambani na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Wote wanamwacha kituoni, kwa watu waliofahamiana nao juzi tu. Jioni wakimuuliza siku ilikwendaje, atasema amekula uji, basi. Mtoto wa umri huo hana maneno zaidi ya hayo. Usalama wake unategemea watu wazima waliokuwa naye kutwa: wameona nini, na wanaweza kusema?

Vituo vingi vya huku vimewekeza kwenye ukuta, geti na siku hizi kamera. Ni vizuri, lakini ukuta hauzuii jambo linalofanywa na mtu aliye ndani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliotolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Karibu robo tatu ya wote walikuwa wamepigwa, na waliotajwa sana kwa kipigo walikuwa ndugu na walimu, watu waliokabidhiwa mtoto.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata jambo moja kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho: binti wa miaka ishirini aliyeajiriwa mwezi uliopita aweze kusema "nimeona jambo" juu ya mtu yeyote kituoni, hata juu ya mwenye kituo, asikilizwe siku hiyohiyo na kesho yake arudi kazini bila wasiwasi.

Hatua ya 1: Usajili, kisha kanuni za ukurasa mmoja

Usajili unaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Kama bado hujaenda, nenda wiki hii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake zinavitambua vituo vya kulelea watoto mchana na zinataka visajiliwe. Faida yake si cheti cha ukutani tu: siku likitokea tatizo, afisa anakufahamu na wewe unajua mlango wake.

Kisha andikeni kanuni zenu za kumlinda mtoto, kwa Kiswahili, zisizidi ukurasa mmoja. Nimeona vituo vyenye sera ya kurasa thelathini kwa Kiingereza, imefungiwa kabatini, na mpishi hajawahi kuigusa. Kaeni chini na walezi wote, mpishi na mlinzi wakiwemo, muandike pamoja kila mtu anatakiwa kufanya nini na ni marufuku kufanya nini. Kila mmoja asaini na abaki na nakala yake.

Chagueni mratibu wa ulinzi wa mtoto na msaidizi wake. Angalau mmoja wao asiwe ndugu wa mwenye kituo. Hili linaleta ubishi kwenye vituo vya kifamilia, lakini msilegeze. Kama mwenye kituo ni mama, mratibu ni binti yake na mhasibu ni mume wake, mlezi aliyeona jambo baya ndani ya familia hiyo atampelekea nani?

Hatua ya 2: Kuajiri

Mikoa yetu imezoea kutoa wasichana wa kazi. Wanatoka vijijini Iringa na Njombe wanakwenda Dar es Salaam, na kumpata mmoja wa kukaa na watoto hapahapa si kazi kubwa. Urahisi huo unatufanya tuajiri kwa maneno ya shemeji: "Huyu binti ni mpole, namfahamu kwao." Upole hauthibitishi kitu. Kwa kila mtu atakayekuwa karibu na watoto, chukua namba ya kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji alikotoka, na majina ya wadhamini wawili wasio ndugu zake. Kama inawezekana, aombe pia cheti cha polisi kinachoonyesha kwamba hana rekodi ya uhalifu.

Halafu pigia simu alikofanya kazi mwanzo. Usiulize kama alikuwa mtu mzuri, kwa sababu wengi wetu hatupendi kumharibia mwenzetu riziki. Uliza hivi: "Ungekuwa na nafasi leo, ungemrudisha akae na watoto?" Kisha nyamaza usikilize. Akisita, msito huo nao ni jibu.

Orodha ya wa kuchunguzwa ni ndefu kuliko walezi. Mpishi yumo, mlinzi yumo, dereva wa bajaji anayesambaza watoto yumo. Na kwa kuwa vituo vingi vya Mbeya na Iringa viko ndani ya ua wa nyumba ya mtu, wamo pia watu wazima na vijana wote wanaoishi kwenye ua huo: mume, kaka, mpangaji wa chumba cha nyuma, mpwa aliyekuja likizo. Watoto wasifike vyumbani kwao, na wao wasipite eneo la watoto saa za kituo. Mwenye kituo akikasirika kwa mumewe kuingizwa kwenye orodha, mratibu amweleze kwa heshima kwamba kanuni isiyomgusa ndugu haimlindi mtoto.

Jambo la mwisho kwenye ajira ni mshahara. Mlezi anayedai miezi miwili, anayelala kituoni kwa sababu hana pa kulala, na ambaye nauli ya kurudi kwao iko mikononi mwa bosi, hatasema kitu. Ataona na atanyamaza. Kumlipa kwa wakati na kumpa mkataba wa maandishi ni sehemu ya kumlinda mtoto kama ilivyo geti.

Hatua ya 3: Makabidhiano asubuhi na jioni

Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto walitekwa na kuuawa mkoani Njombe. Wazazi wa ukanda huu hawajasahau, na hawapaswi kuambiwa wasahau. Kila mtoto awe na ukurasa wake wenye majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, namba zao za simu na picha zao ikiwezekana. Asiyekuwemo haondoki na mtoto mpaka mzazi apigiwe kwa namba iliyo kwenye ukurasa huo. Isitumike namba ambayo aliyekuja ndiye anaitaja.

Ugumu uko kwenye adabu. Tumelelewa tusimkatalie mtu mzima, na wanaokuja jioni mara nyingi ni wakubwa kwa mlezi. Wafanyeni walezi waigize makabidhiano kabla hayajawakuta, mmoja awe bibi, mwingine awe mlezi:

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumchukua Junior, mama yake kabanwa sokoni."
"Karibu bibi, kaa hapa upumzike. Nampigia mama Junior mara moja, maana jina lako halimo kwenye daftari letu."
"Mimi ndiye niliyemlea huyo mama yake. Leo unanihoji kama mwizi?"
"Hapana bibi yangu, usinielewe vibaya. Hata baba yangu mzazi akija hapa, tunampigia kwanza mwenye mtoto. Chai hii hapa, haichukui muda."

Mlezi aliyeizoea lugha hii hatapata kigugumizi saa kumi na moja jioni geti likiwa limejaa. Na mwenye kituo asimgeuke. Bibi akilalamika kesho yake, jibu liwe kwamba mlezi alifanya sawasawa. Mkimsema mlezi mbele ya mzazi hata mara moja, hakuna atakayeifuata kanuni hiyo tena.

Kwa bodaboda: mtoto wa umri wa kituo asipakiwe peke yake na dereva, hata kama dereva ni jirani.

Hatua ya 4: Chooni, kwenye nepi na usingizi wa mchana

Hapa kanuni ni fupi. Mtu mzima anayemhudumia mtoto aonekane na mwenzake. Mlango wa sehemu ya kubadilishia nepi na wa chumba cha kulala ubaki wazi, na choo cha watoto kiwe mahali ambapo anayepita anamwona mhudumu. Wageni, mafundi na wanaume wa ua hawatumii choo hicho. Mtoto anayeweza kujisafisha afundishwe ajisafishe. Mfundisheni pia kutaja sehemu zote za mwili wake bila aibu, na kwamba anaruhusiwa kukataa kuguswa sehemu za siri na kusema kwa sauti akiguswa.

Juni hadi Agosti kuna hatari nyingine, hasa Mbeya mjini, Makete na Mufindi, ambako asubuhi maji yanachoma kwa baridi. Msiingize jiko la mkaa kwenye chumba walicholala watoto, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtoto aliyelala hataamka kulia. Ongezeni blanketi, soksi na kofia.

Hatua ya 5: Fimbo na vitisho

Sheria ya Mtoto inakataza kumpa mtoto adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Kituo chenu kiende mbali zaidi: hakuna kupiga kabisa. Hakuna kufinya, kuvuta sikio, kumnyima uji, kumfungia stoo, wala kumwagia maji ya baridi aliyejikojolea. Hakuna pia kumtishia mtoto kwamba polisi atakuja kumchukua. Mtoto aliyeogopeshwa polisi tangu ana miaka mitatu hatamwambia chochote askari wa Dawati la Jinsia na Watoto siku akimhitaji.

Wapo wazazi watakaokuambia getini, "Mwalimu, huyu mchape tu, nimekuruhusu." Jibu kwa upole kwamba ruhusa hiyo kituo hakiipokei kwa mtoto yeyote, na umweleze mnachofanya badala yake.

Ila fimbo haiondoki kwa kukatazwa tu. Mlezi mmoja akiachiwa watoto ishirini, watatu wanalia, mmoja kajisaidia na mwingine anamng'ata mwenzake, mkono unanyanyuka wenyewe. Wekeni neno ambalo mlezi yeyote anaweza kumwambia mwenzake bila kuulizwa sababu: "Nishikie." Akilisema, mwenzake anapokea watoto na yeye anatoka nje, anakunywa maji, anarudi. Kituo ambacho "Nishikie" inasikika kila siku kinanipa imani kuliko kile ambacho kila mlezi anadai hachoki.

Hatua ya 6: Daftari la matukio

Nunueni daftari gumu lenye kurasa zilizoandikwa namba ili ukurasa ukichanwa ijulikane. Likae sehemu yenye ufunguo, lakini kila mlezi aweze kulifikia. Linaandikwa siku hiyohiyo, na aliyeona ndiye anayeandika, asiandikiwe na bosi.

Maandishi yafanane na haya:

"Jumanne, saa 2:10 asubuhi. Mtoto K., miaka 3. Wakati wa kubadilisha nguo iliyomwagikiwa uji nimeona michubuko miwili nyuma ya paja la kulia, upana wa kidole, rangi ya zambarau. Mama alipopigiwa alisema alianguka kwenye ngazi. Mtoto hakusema kitu. Nimemwambia mratibu saa 2:30." Kisha jina na saini.

Mlezi asiandike "Mtoto K. anapigwa kwao." Hajaona hilo. Ameona michubuko, ameona mahali ilipo, amesikia maneno ya mama. Kazi ya kuunganisha waachiwe wenye mamlaka, na daftari lililoandikwa hivi linawasaidia sana.

Mtoto anayejifunza kutembea na kukimbia huumia magoti, viwiko na paji la uso. Alama za masikioni, mgongoni, makalioni, nyuma ya mapaja, au jeraha la moto lenye ukingo ulionyooka, zinahitaji maelezo. Mchubuko kwa mtoto ambaye hata kutambaa hajaanza ni wa kuripotiwa bila kusubiri mwingine. Angalieni na tabia: aliyekuwa ameacha kujikojolea ameanza tena, anaganda akimwona mtu fulani, anaigiza mambo ya kikubwa na wanasesere, anaficha chakula mfukoni. Dalili moja peke yake haitoshi kumtuhumu mtu, lakini inatosha kuandikwa.

Kipupwe huku kinaficha mengi. Mtoto anakuja na sweta mbili, suruali ya kubana na koti, na mwili wake hauonekani tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Msiwavue watoto kwa ajili ya ukaguzi, huo nao ni udhalilishaji. Macho yatumike kwenye shughuli za kawaida: kunawa mikono, kubadili nepi, kubadili nguo iliyolowa.

Hatua ya 7: Mtoto akisema

Mara nyingi atasema pasipotarajiwa, anakunywa uji au anavalishwa viatu. "Kaka ananiumizaga huku." Mlezi achuchumae, uso wake utulie, amwache amalize. Amwambie, "Asante kwa kuniambia. Hujakosea." Anaweza kuuliza, "Halafu?" au "Niambie," mara moja au mbili, aishie hapo.

Asiulize, "Ni baba, eti?" Asimwite mpishi aje asikie. Asimrudishe mtoto aseme tena mbele ya mratibu, tena mbele ya mama, tena mbele ya mwenye kituo. Kila kurudia kunamuumiza mtoto na kunabadilisha maneno yake. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa kosa la kujamiiana kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Maneno yake ya mwanzo ni mali, yaandikwe kama alivyoyatamka, hata kama ni ya kitoto au yamechanganyika na Kinyakyusa au Kihehe.

Mlezi asiahidi siri pia. Aseme, "Nitamwambia mtu anayeweza kutusaidia."

Kama kuna shaka ya ukatili wa kingono, mtoto asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe. Hospitali ni siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ni bora zaidi. Polisi hutoa fomu namba 3, ile PF3, kwa ajili ya hospitali. Aliyeumia vibaya aanze kutibiwa, fomu ifuate.

Hatua ya 8: Kuripoti, na ule muhali wetu

Sheria ya Mtoto inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake anapoona haki za mtoto zinavunjwa. Njia ni hizi: afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa mtaa, kijiji au kata, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure. Anayeshukiwa akiwa mzazi au mtu wa nyumbani, msimpigie yeye kwanza "kumpa nafasi ajieleze." Mtoto atarudi nyumbani jioni na atakutana na hasira hiyo peke yake. Mwulizeni afisa ustawi nani aambiwe, na lini.

Kituo hakichunguzi. Mratibu hana kazi ya kujua kama ni kweli. Kazi yake ni kufikisha kilichoonekana na kilichosikika, siku hiyohiyo.

Taarifa nyingi zinazimikia kwenye muhali. Wazee wa pande mbili wanakaa, fedha au ng'ombe vinatajwa, mama wa mtoto anaambiwa asivunje ukoo, na jambo linaitwa limekwisha. Halijaisha kwa mtoto. Ukatili wa kingono ni jinai, na kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kuifuta. Mwenye kituo naye ana muhali wake: wazazi wakisikia, watahamisha watoto. Baadhi kweli watahamisha. Lakini kituo kilichoficha kikagundulika baadaye hakibaki na mtoto hata mmoja, na katikati ya kuficha na kugundulika kuna watoto wengine walioumizwa ambao wangeweza kunusurika.

Waambieni wazazi tangu siku ya kuandikisha mtoto, kwa maandishi na kwa mdomo: "Hapa tukiona dalili, tunaripoti, hata kama ni kwetu wenyewe." Mzazi akikubali hilo mapema, siku ikifika hataona ameonewa.

Hatua ya 9: Tuhuma ikimhusu mmoja wenu

Mtuhumiwa aondolewe kwenye eneo la watoto saa hiyohiyo wakati taarifa inapelekwa. Kumsimamisha si kumhukumu, na mwambieni hivyo. Msimwache aache kazi kimyakimya akaajiriwe kituo kingine, Uyole au Makambako, bila mtu kujua.

Aliyesema alindwe waziwazi. Mshahara wake usiguswe, zamu zake zisibadilishwe kwa chuki, jina lake lisitajwe kwenye kikao. Ikija kuonekana alikosea bila nia mbaya, mwenye kituo amshukuru hata hivyo. Wenzake wote wanatazama atatendewaje, na wataamua kunyamaza au kusema kwa walichokiona.

Na kama tuhuma ni ya mwenye kituo? Mlezi asipitie kwake wala kwa mratibu. Aende moja kwa moja kwa afisa ustawi au apige 116. Bandikeni 116, namba ya afisa ustawi na ya Dawati jikoni na kwenye choo cha wafanyakazi, ambako mtu anaweza kuinakili bila kuonekana. Ikibandikwa ofisini kwa bosi pekee, haimsaidii anayemwogopa bosi.

Hatua ya 10: Simu na picha

Walezi wasiweke watoto kwenye hali zao za WhatsApp, na simu zikae kapuni saa za kazi. Picha za kituo zipigwe kwa simu ya kituo, kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa, mtoto akiwa amevaa nguo kamili na bila jina lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata daftari lenu la majina na namba za wazazi.

Hatua ya 11: Kikao cha kila mwezi

Nusu saa, kila mtu awepo, chai iwepo. Anzeni na maswali haya, na aliye chini kabisa kikazi ajibu wa kwanza, kabla hajasikia bosi anataka jibu gani: Mwezi huu nani alikuja kuchukua mtoto akiwa hayumo kwenye daftari? Nani alisema "Nishikie," na alisaidiwa? Kuna mtoto anayekutia wasiwasi? Kuna mtu mzima anayekutia wasiwasi? Swali la mwisho lijibiwe kwa karatasi isiyo na jina, kila mtu arudishe karatasi hata kama ni tupu, na mratibu na msaidizi wake wazifungue pamoja siku hiyohiyo kabla ya kwenda nyumbani.